Nani Ameliosha?

Kazi yangu ni kufunua magari. Ukiniuliza mbele ya watu nitakwambia nashughulikia mitandao ya yadi moja kando ya Barabara ya Kiambu, lakini ukishinda nasi siku moja utaona kwamba kinachonilipia kodi ya nyumba ni kitambaa chekundu cha satini. Mteja akimaliza malipo, gari lake tunalisogeza mbele, tunalifunika, tunafunga utepe, tunampanga yeye na watu wake, halafu nahesabu: tatu, mbili, moja. Kitambaa kinavutwa, vigelegele vinapigwa, mama mkwe analia. Gari lenyewe ni Demio ya miaka saba iliyokwisha kukimbia kilomita elfu tisini huko Japani, na mwenyewe ameshaliona mara nne. Wiki iliyopita alilala chini kwa chini akichungulia kama linavuja oili. Haidhuru. Kitambaa kikitoka anashika mdomo kama mtu aliyeona malaika.

Mwaka jana bosi alilalamika kuwa video zetu zimeanza kufanana na za yadi jirani. Nikaambiwa nitafute mawazo. Ndivyo nilivyojikuta saa saba usiku, kitandani, nikitazama filamu za Marekani za miaka ya 1950. Wasee, zile zilikuwa sherehe. Kila mwaka, karibu mwezi wa tisa au wa kumi, wenye maduka ya magari walibandika karatasi kwenye vioo ili mtu asione ndani. Magari mapya yalifika yakiwa yamefunikwa maturubai, na watoto walizunguka nyuma ya duka wakitafuta tundu la kuchungulia. Siku ikifika, familia zilivaa nguo za kanisani zikaenda kuangalia tu. General Motors nayo ilikuwa na maonyesho yake, Motorama, kuanzia 1949 hadi 1961, yenye wacheza dansi, muziki na magari ya ndoto ambayo mengine hayakuwahi kuuzwa kamwe.

Nyuma ya shangwe hizo kulikuwa na hesabu baridi. Alfred Sloan, aliyeiongoza General Motors, na Harley Earl, mbunifu wake, walielewa kwamba ukibadilisha sura ya gari kila mwaka, lile la mwaka jana linaanza kumwaibisha mwenyewe hata kama linawaka vizuri kila asubuhi. Mambo hayakuenda sawa kila mara. Ford walipozindua Edsel tarehe 4 Septemba 1957, baada ya kuwaweka watu roho juu kwa miezi, umati ulifurika madukani, ukatazama, ukaenda nyumbani. Kufikia mwisho wa 1959 lilikuwa limeachwa kutengenezwa.

Hata hivyo nilizipenda zile filamu vibaya sana. Niliumwa na hamu ya kitu ambacho hakikuwahi kuwa changu. Halafu nikakumbuka: kumbe ninacho.

Nililelewa Makindu, kaunti ya Makueni. Mama alikuwa na kibanda cha chai na chapati kando ya barabara ya Mombasa, upande wa kuelekea Nairobi. Makindu haikuwa na duka la magari, lakini magari yote mapya nchini, na ya nchi za jirani, yalikuwa yakipita mbele ya kibanda chetu. Yalipita matrela yakiwa yamepakia pikapu zilizotoka kuunganishwa Mombasa. Ilipita misururu ya magari ya mitumba yaliyoshuka bandarini yakielekea Uganda, Rwanda na kwingine huko mbali, viti bado vimevalishwa nailoni, kioo cha mbele kina kibandiko cha Kijapani. Sisi watoto tulikaa kwenye jiwe tukitazama upande wa Mtito Andei na kucheza "Langu!" Sheria ni moja: gari linalofuata ni lako, upende usipende. Mimi nimewahi kumiliki Prado nyeupe kwa sekunde nne. Nimewahi pia kumiliki lori la mafuta, na siku moja ya Jumapili, gari la maiti. Nililia hadi mama akatoka nje na mwiko.

Madereva wakisimama kula, iwe kwetu au pale kwenye hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926 na ambapo msafiri yeyote anakula bure, tulipata nafasi ya kugusa. Dereva mmoja mpole alituruhusu kuchungulia ndani akiwasha. Gari likasema. Sauti ya mwanamke, Kijapani kitupu, ya upole kama ya mwalimu wa chekechea. Tulikimbia, kisha tukarudi. Tulikubaliana kwamba ni yeye aliyekuwa na gari hilo zamani na anauliza ameletwa wapi.

Halafu kulikuwa na magari ya waya. Kijana mmoja wa darasa la saba alikuwa na akili ya mikono isiyo ya kawaida. Probox zilipoanza kuonekana barabarani, wiki haikuisha kabla hajatengeneza yake: waya wa ua la mtu, magurudumu ya ndara kuukuu, taa za vifuniko vya chupa. Hakuileta wazi. Aliileta shuleni ndani ya gunia la unga, akaiweka chini ya mti, akasubiri kengele ya mapumziko, akavuta gunia. Tulipiga kelele hadi mwalimu wa zamu akaja. Hakuna aliyetufundisha hilo. Sloan hakujulikana Makindu.

Lakini kufunuliwa kwa gari kukubwa kabisa katika ukoo wetu kulitokea kabla sijazaliwa, ng'ambo kule Kitui, nyumbani kwa akina mama yangu Ikutha. Nimeusikia mkasa huo mara nyingi mno kwa babu yangu, umau, hata naweza kuusimulia kama nilikuwepo.

Umau alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Ujanani aliwahi kuwa tanboi wa lori, hapo ndipo alipojifunza usukani. Na alikuwa mgonjwa wa Safari Rally. Lazima ujue kwamba Kenya ya wakati ule haikuhitaji Motorama, maana ilikuwa na Pasaka. Kila Pasaka magari yalikimbizwa kwenye matope na vumbi la Afrika Mashariki, na lililorudi Nairobi likiwa bado na magurudumu manne lilikuwa limejitangaza lenyewe. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Peugeot 404. Ilishinda pia 1966 na 1967. Ikaja 504, ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Umau aliyafuata yote kwenye redio, betri zikichoka anazianika juani. Baada ya Pasaka ya 1978 akasema imetosha. Mwaka uliofuata aliuza ng'ombe kumi na tisa.

Alikwenda Nairobi na pesa ndani ya kiondo, chini ya ndengu. Kwenye duka la kwanza, lenye vioo virefu, bawabu alimtazama viatu vyake vya akala akamwambia wanaoleta mboga huzunguka nyuma. Umau hakubishana. Alivuka barabara akanunua kwingine: Peugeot 504, ile ndefu ya viti vya safu tatu, rangi ya maziwa, simba kwenye grili. Sisi tuliita Pijo, kama Kenya nzima.

Hakuiendesha hadi nyumbani moja kwa moja. Aliificha nyuma ya kanisa usiku, akaingia nyumbani kwa miguu kana kwamba ametoka mnadani, akachukua blanketi la nyumba akaenda kuifunika. Asubuhi mzee wa kanisa akaomba, watu wakaimba, blanketi likavutwa. Gari liling'aa, umau alikuwa akisema, mpaka mtu ungeweza kunyolea ndevu mlangoni. Hapo kila mara alinyamaza kidogo ili tulione.

Ile Pijo ilifanya matatu kati ya Kitui na Kibwezi kwa miaka na miaka, kwenye barabara ambayo siku hizo ilikuwa vumbi jekundu tupu. Ilibeba watu, mbuzi, maiti, walimu wapya na makochi ya mahari. Sheria za Michuki za 2004 zilipokuja, na mikanda na vidhibiti mwendo vyake, umau aliona hesabu haiingii. Akaiegesha chini ya mukau nyuma ya nyumba. Injini iliuzwa. Yeye alifariki 2016.

Sasa ndipo mimi ninapoingia, na sehemu hii sijivunii. Krismasi ya juzi nilikwenda Ikutha, nikaikuta Pijo na kuku wake, nikatoa simu. Nilifanya kile ninachofanya kila siku: nikaifunika turubai, nikaweka simu kwenye tawi, nikavuta. Jua la jioni, vumbi, ule uso wa simba. Nikasimulia mkasa wa umau kwa sauti yangu ya kazini. Video ile ilitazamwa zaidi ya mara laki mbili. Watu walijaa kwenye maoni wakilia: Pijo ya guka, Pijo ya Kisii, tulikaa watatu pale nyuma, irudisheni barabarani, msiache urithi ufe.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alisoma maoni yote. Akatafuta fundi. Fundi akataja bei. Mjomba akaona picha nzima: Pijo mpya kabisa, maharusi kutoka Nairobi, kukodisha kwa siku. Pesa zingetoka kwenye nusu ekari iliyo kando ya barabara, ambayo tangu lami ifike imepanda bei hadi watu wanaisalimia. Shamba liko kwa jina la nyanya yangu. Anayetakiwa kuweka kidole ni yeye, na anayeweza kuzungumza naye ni mimi, kwa kuwa nimepewa jina lake. "Wewe ndiye ulianzisha hii maneno," mjomba alinipigia. "Malizia."

Nikaenda. Kutoka Makindu hadi Kibwezi, halafu lami mpya hadi Ikutha, safari ambayo mama anasema ilikuwa ya siku nzima na leo hata chupa ya maji hukumalizia.

Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikuwa anapepeta ndengu juu ya turubai. Lile lile la gari. Wamekuwa wakiligombania kwa miaka arobaini, umau akilitaka kwa Pijo, yeye kwa ndengu, na tangu 2016 ameshinda. Nilimsaidia kidogo, nikanywa uji, nikaanza kuzunguka mbuyu. Nikamweleza kuhusu urithi. Nikamweleza kuhusu maharusi. Ili aelewe, nikamwonyesha video moja ya kazini: mwanamke wa Ruiru, Vitz ya bluu, kitambaa, machozi.

Aliitazama mpaka mwisho, uso karibu na kioo cha simu.

"Huyu analia nini?"

"Amefurahi, susu. Amepata gari."

"Linang'aa."

"Sana."

"Nani ameliosha?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Pale yadini magari huoshwa na mama mmoja anayefika kabla yetu sote, buti za mpira, kitambaa kichwani. Tunamwita Mama Sabuni. Nimefunua magari zaidi ya mia tatu na yeye hayumo kwenye video hata moja, na si kwa bahati mbaya. Mimi mwenyewe humwambia, kwa adabu kabisa, "Mama Sabuni, toka kidogo kwa picha."

"Kuna mama fulani," nikasema.

Susu akarudi kwenye ndengu zake. Akaanza kuzungumza bila kunitazama, kama mtu anayesoma orodha ya duka. Ilikuwa mwezi wa nane. Mvua ilikuwa bado mbali. Mito ya kwetu, Tiva, Thua, mwezi huo ni mchanga mtupu. Maji unachimba, unaingia ndani ya shimo hadi kifuani, unasubiri yajikusanye, unateka kwa kata. Foleni inaanza saa tisa usiku. Umau aliingia usiku ule akamwamsha. Akamwambia kuna gari nyuma ya kanisa na lina vumbi la kutoka Nairobi, na watu hawawezi kuliona hivyo. Susu alikwenda mtoni mara tano kabla ya mapambazuko, debe mgongoni, mkanda wa ngozi kwenye paji la uso. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ya mama yangu. Maji ya debe la kwanza yalitoa vumbi. La pili na la tatu yaliosha. La nne yalisuuza. La tano umau aliliona halina kazi tena, akasema wampe mzee wa kanisa anawe.

"Na blanketi?" nikauliza.

"Blanketi lilikuwa moja," akasema. "Uliza mjomba wako alilalia nini usiku huo. Alikuwa na miaka minne."

Nikadhani anaelekea kwenye machozi, nami nikaandaa uso wangu. Akanikata mapema. Alisema nisimwandike kama mtu aliyeonewa na gari. Ile njaa ya miaka ya mwanzo ya 1980 ilipokuja, ile Wakamba waliyoiita nikw'a ngwete, nakufa nimeshika pesa, kwa sababu watu walikuwa na shilingi mkononi na hakuna unga wa kununua, ng'ombe wa majirani waliisha mmoja mmoja. Wake wangekwisha vilevile. Pijo ndiyo iliyofuata unga hadi Emali, ikarudi imelala kwa uzito. Pijo ndiyo iliyompeleka hospitali ya misheni kule Mutomo uchungu wa mama yangu ulipoanza, na siku hiyo aliketi mbele, kiti cha kushoto, mara ya kwanza na ya mwisho. Siku nyingine zote kiti kile kilikuwa cha abiria anayelipa zaidi.

"Lilikuwa gari zuri," akasema. "Lakini shamba siuzi. Mwambie mjomba wako akitaka kuuza kitu auze ile simu yake."

Nikasema sawa. Nikauliza, basi tuiache tu pale chini ya mti?

Akatoa kabambe yake kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa ameshampigia mtu wa vyuma chakavu siku tatu zilizopita. Anakuja kesho.

Walikuja watatu na lori, mitungi ya gesi na mizani ya kuning'iniza. Sikujua gari hukatwa hivyo. Mlango wa nyuma kwanza, halafu paa, linaondolewa zima kama kifuniko cha sufuria, halafu mwili vipande vinne. Harufu ya rangi ikiungua inakaa kooni. Kuku walihamia jikoni. Chini ya kapeti tuliokota sarafu za senti kumi, kitufe cha shati na tiketi moja isiyosomeka. Walipofika kwenye viti, kijana mwenye gesi alitaka kuvitupa vyote mizanini, fremu ni chuma, lakini susu alikwenda akaweka mkono juu ya kile cha kushoto. "Hiki hakiuzwi." Kijana akaeleza kwamba kina kilo kadhaa. Susu akasema anajua kina kilo ngapi, toa.

Kilo mia tisa na arobaini, shilingi thelathini na tano kwa kilo. Nikapiga hesabu kwenye simu: 32,900. Susu alikuwa ameshaipiga kichwani. "Weka elfu thelathini na tatu kamili," akamwambia mwenye lori. "Mmekunywa chai yangu mara mbili." Akaweka.

Wiki iliyofuata alinunua mtamba mnadani, akiongezea pesa za ndengu. Mwekundu, ana doa jeupe begani. "Walikwenda kumi na tisa," aliniambia kwa simu, "amerudi mmoja." Anamwita Pijo. Kile kiti kiko barazani, chemchemi moja imetoboa na inakuchoma usipojua pa kukaa. Yeye anajua.

Mjomba alitoka kwenye kundi la familia la WhatsApp na hadi leo salamu zake zinapitia kwa mama. Simlaumu sana. Mimi ndiye niliyemvutia turubai. Watu bado wanauliza kwenye maoni sehemu ya pili itatoka lini. Sehemu ya pili ninayo, dakika kumi na moja za moto na gesi. Bosi aliiona akasema ina hisia kali, niipandishe. Sijaipandisha.

Kuhusu Mama Sabuni, nilimfuata Jumatatu asubuhi, mapema, bomba likiwa bado mkononi mwake. Nikamwuliza jina lake hasa. Akanitajia. Kumbe ni wa Makueni, Kathonzweni, tungekuwa tunasalimiana kwa Kikamba miaka miwili hii yote. Nikamwambia nataka awe kwenye video inayofuata, asimame pale mbele na mteja, avute kitambaa pamoja naye. Alinitazama kama niliyemkopa pesa.

"Wee, acha," akasema. "Kuna watu ninaowadaiwa mjini hapa. Wakiniona ninang'aa na magari nitalala wapi?"

Jioni nilimsimulia susu. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniuliza kama yule mama anateka maji mbali.

"Hapana susu, ni ya mfereji. Lina bomba refu la bluu."

"Basi ni heri," akasema, na kuniambia ndengu zimeanza kutoa maua.